Pindo la gitaa: kulikata, kulibandika na kuandaa mbao kwa vanishi

Sanduku la gitaa likishafungwa, uso umebandikwa na mgongo umebandikwa, fundi mgeni hudhani kazi imekwisha. Pitisha kidole ukingoni uone. Pale uso unapokutana na mbavu, yaani kuta za pembeni, ncha za nyuzi za mbao zimeachwa wazi kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi kisipigwe pindo. Unyevu huingia na kutoka hapo kwa urahisi zaidi, na pigo dogo la kona ya meza linatosha kuanzisha ufa. Ndiyo sababu ukingo wote huchongwa na kuvikwa ukanda wa mbao ngumu au wa plastiki. Karakana nyingi huuita baindingi. Mimi nauita pindo, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya pindo la kanga: hulinda ukingo, hupendeza, na likienda upande hata asiyejua kushona ataliona.

Gitaa ninalolitumia kama mfano ni la nyuzi za chuma, umbo kubwa la dreadnought: uso wa sprusi (mbao laini, nyeupe), mgongo na mbavu za mninga, pindo la mpingo, na kati ya pindo na uso kuna utepe mwembamba wa nakshi, nyeupe-nyeusi-nyeupe. Sprusi huagizwa kutoka nje. Mninga na mpingo ni miti yetu.

Hesabu kwanza

Chukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, na uandike namba zako ukutani kabla ya kushika mashine yoyote. Zangu ni hizi: uso milimita 2.8, mbavu 2.2, bitana 6. Bitana ni ule ukanda wenye meno uliobandikwa kwa ndani, juu ya mbavu, ili uso upate mahali pa kushika. Pindo lina unene wa milimita 2 na kimo cha 6. Utepe wa nakshi una upana wa 1.5 na kina cha 1.5.

Sasa toa. Mfereji wa pindo, yaani mkato litakamokaa, unaingia karibu milimita 2 kwenye ubavu wa 2.2. Maana yake ubavu wote, karibu, unaondoka, na kinachobaki kushikilia uso ni bitana peke yake. Kama siku ile ulipobandika bitana uliacha mwanya mahali, ruta, mashine ya kuchongea mfereji, itaufungua na utaona ndani ya gitaa kama unavyoona kupitia tundu la ufunguo. Gonga kwa ukucha kuzunguka ukingo wote. Mahali palipoungana hutoa sauti iliyojaa, na palipoachana hutoa sauti ya kupwaya. Palipopwaya penyezea gundi, bana kwa klampu, na uache mpaka kesho.

Kupata na kupinda pindo

Kila nusu ya gitaa, kutoka shingoni hadi mkiani, inahitaji ukanda wa sentimita 85 hivi ukihesabu na wa kupoteza. Zinahitajika nne. Pasua sita, kwa sababu mmoja utavunjika, na ukivunjika ukiwa huna wa akiba utashawishika kuunga vibaya.

Mpingo una shida yake. Ni mti wa taifa Tanzania, mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini, na viwanda vya klarineti duniani huutegemea. Lakini hukua umepinda na kufundofundo, hivyo kupata sentimita 85 zilizonyooka, nyuzi hazijakatika, ni bahati. Usipopata, unga vipande viwili kwa mshazari mrefu wa sentimita 2 au zaidi, na uhakikishe kiungo kinaangukia penye mkunjo mpole, kamwe si kiunoni. Ukikatwa vizuri, mpingo ni mweusi kiasi kwamba kiungo hakionekani. Na kama unatengeneza kwa mteja wa nje, jua kwamba tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia, umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye sharti la vibali, ila mbao ghafi bado zinahitaji vibali.

Vaa barakoa nzuri unapopasua. Unga wa mpingo huwasha ngozi na hukera mapafu, na mwili ukishaukataa mara moja huwa haurudi nyuma.

Kupinda hufanywa kwenye bomba la moto, lilelile lililopinda mbavu. Bomba liwe na joto la kufanya tone la maji liruke na kutoweka, lisiwe la kuunguza mbao papo hapo. Funga kanda mbili kwa tepu, zilowanishe kidogo, anza na kiuno. Usisukume. Sikiliza kwa mikono mpaka mbao yenyewe ilegee, ndipo uifuate. Kisha ziache zimefungwa kwenye kalibu ya gitaa, au kwenye gitaa lenyewe, usiku mzima.

Kunyoosha mbavu

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayozaa mapindo mengi mabaya. Ruta ina beringi, kigurudumu kidogo cha chuma, inayotembea juu ya ubavu. Kila kinundu na kila bonde kwenye ubavu, beringi huliiga na kulichora kwenye mfereji. Kwa hiyo kata kwanza uso na mgongo vilivyozidi nje, hadi vilingane na mbavu, kisha kwangua mbavu kwa skrepa (bamba jembamba la chuma la kukwangulia) na msasa namba 120 uliofungwa kwenye kibao kilichonyooka. Rula ndogo ya chuma ikisimamishwa wima kwenye ubavu isionyeshe mwanga chini yake. Kiunoni tumia kibao cha mviringo.

Ukimaliza, paka shelaki nyembamba, aina ya vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, kwenye ukingo wa uso, sentimita 2 kuelekea ndani. Shelaki hiyo inafanya kazi tatu: inashika nyuzi za sprusi zisipasuke, inazuia gundi isiingie kwenye vinyweleo vyake, na baadaye inazuia tepu isinyofoe uso.

Kuchonga mfereji

Neno mfereji linadanganya kidogo, kwa kuwa una kuta mbili tu, kama ngazi. Tunachonga ngazi mbili, moja ndani ya nyingine. Anza na ile ya nakshi: inaingia ndani milimita 3.5 kutoka nje, yaani pindo pamoja na utepe, na inashuka 1.5. Ukianza na ya pindo, beringi ya biti (kisu kinachozunguka) ya pili itakosa ubavu wa kuegemea, na itatumbukia kwenye ngazi uliyokwisha kuchonga.

Ngazi ya pindo iingie milimita 1.8 au 1.9, usifike 2. Pindo linapaswa kujitokeza nje kwa unene wa karatasi moja au mbili, ili baadaye ukwangue pindo kufuata ubavu. Ukizidisha kina, utalazimika kukwangua ubavu kufuata pindo, na ubavu ulio na milimita 2.2 hauna cha kutoa.

Mgongo wa gitaa umebenuka kama kifuniko cha chungu, na uso pia kidogo. Ukilaza kitako cha ruta juu yake, mashine inainama na mfereji unakuwa wa upande. Mfereji lazima ufuate ubavu. Mashine za kisasa hutundikwa kwenye mkono unaopanda na kushuka. Asiye na mkono huo abandike pete nyembamba ya mbao chini ya kitako cha ruta, kuzunguka biti, ili mashine iguse gitaa karibu na ukingo tu, na aishike wima kwa kuangalia ubavu. Jaribu kwanza kwenye kibao chakavu, upime kwa kalipa, uingize kipande cha pindo. Nikisema jaribu simaanishi mara moja.

Kisha mwelekeo. Nyuzi za uso hukimbia kutoka shingoni hadi mkiani, na sprusi hupasuka kwa kuzifuata. Anzia kila mara penye tumbo, sehemu pana, uelekee pembamba: kutoka tumbo la chini kwenda mkiani, kutoka tumbo la chini kwenda kiunoni, kutoka bega kwenda kiunoni, kutoka bega kwenda shingoni. Katika mbili kati ya safari hizo ruta itataka kukimbia yenyewe, kwa sababu biti inazunguka kuelekea unakokwenda. Ishike kwa nguvu na chonga kidogo kidogo, kwa mara tatu au nne.

Asiye na ruta asikate tamaa. Kisu kidogo kilichokazwa kwenye kibao chenye egemeo huchora mstari sambamba na ukingo, na patasi kali hutoa mbao. Mafundi wa Hispania walifanya hivyo kwa vizazi na wengine hufanya hadi leo. Ni kazi ya siku nzima, lakini haijawahi kurarua uso kwa sekunde moja.

Mazoezi makavu

Weka pindo na nakshi bila gundi, funga kwa tepu kuzunguka kote, kisha chukua karatasi ya daftari. Mahali popote karatasi inapopenya, hapajakaa. Kiunoni ndipo penye makosa mengi: pindo likiwa limepindwa pungufu hata kidogo huacha upenyo. Usiseme tepu italivuta. Tepu hulivuta leo, na miaka mitano baadaye kiungo kinafunguka. Rudisha pindo kwenye bomba.

Mkiani, kanda mbili hukutana mahali panapoonekana na kila mtu, hivyo anza kukata hapo, kwa usahihi, na mistari ya nakshi ikutane kwa pembe ya digrii 45 kama fremu ya picha. Shingoni usihangaike sana. Upande wa uso hufunikwa na ubao wa vidole, na upande wa mgongo hufichwa kwa sehemu kubwa na kisigino cha shingo.

Siku ya gundi

Kwa pindo la mbao natumia gundi nyeupe ya mbao, aina inayokauka ngumu, isiyobaki na ulaini wa mpira. Mpingo una mafuta, kwa hiyo futa upande wa ndani wa pindo kwa kitambaa chenye asetoni dakika chache tu kabla ya kubandika, usifanye jana yake. Supa gluu inashika haraka na wengine wanaipenda, lakini inapenya kwenye sprusi na kuacha doa lisilotoka. Ukiitumia, ile shelaki ya ukingoni isikosekane.

Pindo la plastiki ni habari nyingine. Gundi ya mbao hailishiki. Hubandikwa kwa gundi yenye asetoni inayoyeyusha plastiki kidogo, na linahitaji siku kadhaa kabla ya kukwanguliwa, kwa sababu huvimba kisha hunywea. Seluloidi ya zamani huwaka kama kiberiti, hivyo usiipashe moto karibu na mwali. Tena hunywea polepole kwa miaka mingi. Magitaa ya zamani ambayo pindo limeachia kiunoni ni hadithi hiyohiyo.

Kata vipande vya tepu arobaini, vya sentimita 12 kila kimoja, uvibandike ukingoni mwa meza kabla ya kufungua gundi. Fanya robo moja ya gitaa kwa wakati mmoja. Paka gundi kwenye ngazi zote mbili, ukuta na sakafu. Ingiza nakshi na pindo pamoja, maana utepe ukilowa peke yake huvimba na kukataa kuingia. Anzia mkiani, tepu moja kila sentimita 3: shika kwenye uso, vuta chini kwa nguvu, bandika kwenye ubavu. Ukifika kiunoni kandamiza kwa dole gumba na uhesabu hadi thelathini.

Halafu zungushia mpira. Tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa kwa urefu, ileile ya kutengenezea manati, hubana vizuri kuliko klampu yoyote, kwa kuwa inabana pande zote kwa nguvu ileile. Kiwanda cha Martin huko Nazareth, Pennsylvania, huzungushia kanda ndefu za kitambaa kwa sababu hiyohiyo. Kiunoni mpira huruka juu ya bonde bila kugusa. Chomeka kipande cha mbao cha mviringo chini yake.

Gundi itakayotoka usiifute kwa kitambaa kilicholowa. Utaisukuma ndani ya vinyweleo na doa litajitokeza siku ya vanishi. Subiri iwe kama uji mzito, uing'oe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa.

Acha saa 24. Ukitoa tepu, ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele na uivute ikiwa imelala, kuelekea ukingoni.

Kungoja

Gundi nyeupe ina maji. Maji yale huvimbisha mbao kando ya kiungo, na mwili wa gitaa huchukua siku kadhaa kuyatoa. Ukikwangua na kusawazisha kesho yake, unasawazisha mbao iliyovimba. Ikikauka hushuka, na kando ya pindo hubaki mfuo mdogo. Nililijua hili kwa gharama. Mwaka mmoja, masika, nilikuwa na haraka, nikakwangua siku ya pili, vanishi ikang'aa, mteja akafurahi. Miezi miwili baadaye akarudi, akapitisha ukucha kando ya pindo, na ukucha ukanasa. Hakusema neno. Nilivua vanishi yote.

Kwa hiyo ngoja wiki moja. Na angalia hewa. Wajenzi wa magitaa hulenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50; huku Pwani wakati wa mvua hupanda juu ya 80. Kabati lililofungwa lenye balbu ya kizamani ndani yake, ile inayotoa joto, na kipimo cha unyevu cha bei nafuu, vinatosha kulitunza gitaa moja. Gitaa lililobandikwa kwenye unyevu wa Tanga likipelekwa Dodoma kiangazi litapasuka, hata kama pindo limekaa kama limechorwa.

Kukwangua

Chora mistari ya penseli kwenye ubavu na kwenye uso, kando ya pindo. Kwangua pindo kwa skrepa iliyonolewa, ukiiegemeza kuelekea nje, mpaka penseli ianze tu kufutika. Penseli ikifutika, ondoka hapo. Utepe wa nakshi una kina cha milimita 1.5 tu, na msasa wa mashine unaweza kuumaliza kabla hujanywa chai. Pindo linalokonda na kunenepa njiani linaonyesha ukingo ulisuguliwa visivyo sawa.

Kwangua zaidi, sugua kidogo. Msasa huzalisha unga mweusi wa mpingo, na unga huo hujipenyeza kwenye sprusi na kwenye mstari mweupe mpaka gitaa lionekane limepitia jikoni kwenye masizi. Skrepa hutoa maranda, na maranda hayaingii popote. Kila mara pangusa kutoka kwenye uso kuelekea kwenye pindo, kamwe usirudi.

Mwisho vunja kona. Ukingo mkali haushiki vanishi: hukonda hapo na kuchakaa kwanza. Mviringo wa milimita 1.5 hadi 2, kwa msasa na kiganja, unatosha.

Msasa, maji na mwanga

Namba 120, 180, 220, bila kuruka. Alama za 120 zikiachwa, 220 haiziondoi, inazing'arisha. Daima fuata nyuzi, na daima kwenye kibao, kwa kuwa vidole vitupu huchimba sehemu laini za sprusi na kuacha mawimbi. Uso huishia 220; mninga unaweza kwenda 320.

Usiku, zima taa, washa tochi ya simu na uilaze karibu kabisa na mbao. Mikwaruzo ambayo mchana haikuwapo itasimama kama matuta ya viazi.

Kisha pitisha kitambaa chenye maji kidogo, kilichokamuliwa hasa. Maji yanafanya kazi mbili. Penye gundi iliyobaki hapalowi, panabaki peupe, napo utapakwangua. Na nyuzi zilizolala zitasimama. Zikikauka zisugue kwa 220 iliyotumika, mkono mwepesi, usizidishe. Kibonyeo kwenye sprusi huinuka kwa kitambaa chenye maji na ncha ya pasi ya moto, mradi uwe mbali na kiungo.

Vinyweleo na koti la kwanza

Sprusi haihitaji kujazwa. Mpingo kidogo sana. Mninga una vinyweleo vikubwa, na visipojazwa vanishi huzama ndani yake na mgongo unaonekana kama ngozi ya chungwa. Njia ya karakana za samani, unga laini wa mninga uleule uliochanganywa na sila (kiowevu cha kuzibia vinyweleo), inafaa. Epoksi iliyokwanguliwa kwa kadi ya plastiki ni bora zaidi, inaonyesha kina cha rangi na hainywei, lakini itakudai raundi mbili na msasa katikati. Kabla ya kujaza, funika uso mzima kwa karatasi na tepu.

Shelaki ndiyo koti la kwanza, na hapa kuna mtego. Spiriti iliyomo huyeyusha rangi ya mpingo, na ya mninga pia inaweza kutoka; jaribu kwenye kipande. Ukipangusa pedi kutoka mgongoni kuja juu, utapaka uso wako zambarau. Chukua brashi ndogo ya kuchorea, paka shelaki kwenye mistari myeupe na ukingo wa sprusi kwanza, mara mbili, iache ikauke. Ndipo upake uso. Mbavu na mgongo ziwe za mwisho, kwa pedi nyingine.

Pale daraja, kibao kinachoshika nyuzi usoni, litakapobandikwa weka tepu yenye umbo la daraja, ndogo kwa milimita 1 kila upande, kwa sababu gundi inataka mbao tupu. Ziba tundu la sauti kwa puto lililopulizwa ndani au kwa karatasi ngumu. Nawa mikono, maana jasho la kidole kwenye sprusi tupu litaonekana chini ya vanishi. Tundika gitaa kwa kulabu kwenye tundu la shingo, funga mlango, na usirushe vumbi chumbani mpaka asubuhi.